Leukemia ipo kwenye damu, sasa mionzi wanapiga wapi?

SWALI: Habari daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 15, ana leukemia (saratani ya damu), ile aina inayowapata sana watoto wanaiita ALL. Alipona kwa kemo ikarudi, akapewa kemo tena na sasa vipimo viko safi. Uboho wa dada yetu mkubwa umeoana na wake, kwaiyo anapandikizwa, ila wanasema kabla ya hapo apigwe mionzi mwili mzima siku tatu. Mi nilijua mionzi ni ya uvimbe, hii ni damu inatembea, wanapiga nini? Hawawezi kutumia dawa tu? Kuna mtu mzima tunamfahamu alitibiwa leukemia utotoni anasema yeye alipigwa kichwani tu. Mama analia, anasema mtoto ataungua. Na akishapigwa tunaweza kumkumbatia?

JIBU: Pole sana dada, na mpe mama pole. Naanza na la mwisho maana najua ndo linalomuumiza: mkumbatieni. Mionzi inatoka kwenye mashine, inapita mwilini, mashine ikizimwa imeisha, hakuna kinachobaki ndani yake cha kumdhuru mtu mwingine. Watu wanachanganya na zile tiba za kumeza au kudungwa dawa yenye mionzi, hiyo ni kitu kingine kabisa. Kitakachowazuia kumkaribia ni kinga yake kushuka, yaani mafua yenu nyie ndo hatari kwake, kwaiyo mikono isafishwe na mwenye kukohoa akae mbali.

Sasa wanapiga nini. Uko sahihi kabisa kwamba leukemia inatibiwa kwa dawa, kemo inaingia kwenye damu na inaifuata seli mbaya inakokwenda, na wagonjwa wengi wa leukemia wanatibiwa mwanzo mwisho bila kuingia chumba cha mionzi hata mara moja. Shida ni kwamba kuna sehemu za mwili dawa zinaingia kwa tabu. Ubongo una kizuizi chake kati yake na damu, kinazuia sumu na bahati mbaya kinazuia na dawa nyingi za kemo, korodani nazo zina kizuizi cha namna hiyo. Seli chache zikijificha huko zinasubiri, dawa zikisimama zinatoka. Mionzi haijali kizuizi, inapita kwenye mfupa, kwenye ngozi, kote. Ndo maana tunaitumia kwenye maficho.

Huyo mnayemfahamu alipigwa kichwani kwa sababu hiyo hiyo. Miaka ya 1960 pale hospitali ya St. Jude, Memphis, Marekani, dokta Donald Pinkel na wenzake waliona watoto wanapata nafuu kwa dawa, damu inakuwa safi, alafu ugonjwa unarudi kupitia utando wa ubongo. Wakaweka mionzi ya kichwa pamoja na sindano za dawa mgongoni, na hapo ndo karibu nusu ya watoto wakaanza kupona moja kwa moja, ugonjwa ambao kabla ya hapo ulikuwa unaua karibu wote. Ila gharama yake ilikuja kuonekana baadae, mtoto anakua ila shuleni anapata shida kushika masomo, kimo kinakuwa kifupi kwasababu homoni ya kukua imeguswa, na wengine wakapata uvimbe wa ubongo miaka mingi mbele. Bas dozi ikashushwa, kutoka grei 24 (grei ndo kipimo chetu cha mionzi) ikaja 18, ikaja 12, na mwishowe St. Jude hao hao kwenye matibabu ya mwaka 2000 hadi 2007 wakaondoa kabisa mionzi ya kichwa ya kujikinga, wakakaza kemo na sindano za mgongoni, na watoto wakapona vizuri tu. Mimi kazi yangu ni mionzi na nafurahi sana kwamba watoto wengi siku hizi hawaletwi kwangu kwa ajili ya kichwa.

Mdogo wako ni habari nyingine. Yeye ugonjwa umerudi, na hata vipimo vikiwa safi kunaweza kuwa na seli ambazo zimeshazizoea dawa. Mionzi ya mwili mzima inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inaua seli zilizobaki popote zilipo mpaka kwenye yale maficho, na inazima kinga yake ya zamani na kuusafisha uboho wake ili uboho wa dada asiukatae, yaani ni kama kung'oa visiki kabla ya kupanda, usipong'oa mbegu haishiki.

Na umeuliza vizuri kuhusu dawa tu, maana madaktari nao walijiuliza hivohivo. Kuna utafiti wa nchi nyingi unaitwa FORUM, matokeo yalitoka 2021, walichukua watoto na vijana wenye ALL wa zaidi ya miaka 4 wakalinganisha mionzi ya mwili mzima pamoja na dawa moja, dhidi ya mchanganyiko wa dawa bila mionzi. Baada ya miaka miwili waliokuwa hai ni kama 91 kwa kila 100 upande wa mionzi, na 75 upande wa dawa tupu. Tofauti ilikuwa kubwa mpaka wakaacha kuwagawa watoto kabla ya muda. Kwaiyo wanaposema mionzi kwa umri wake na aina yake ya leukemia, wana sababu nzito.

Kuhusu kuungua. Dozi ya kawaida ni grei 12, ila haipigwi kwa mkupuo, inagawanywa mara 6, asubuhi na jioni kwa siku 3. Kati ya dozi na dozi tunaacha masaa kadhaa kwasababu mapafu yakipewa muda yanajikarabati, seli za leukemia uwezo huo hafifu. Mapafu ndo tunayoyaogopa zaidi, kwaiyo vituo vingi vinaweka vipande vya risasi, madini yale mazito, vilivyochongwa kwa umbo la mapafu yake mwenyewe ili yapate kidogo. Atalala au atasimama mbali na mashine, mita kadhaa, ili miale imfunike kichwa hadi miguu, na watambandikia vijipimo vidogo kwenye ngozi kuangalia kila sehemu imepata kiasi gani. Kila awamu ni kama nusu saa hivi au zaidi. Haiumi, hasikii chochote zaidi ya mlio wa mashine. Anakuwa peke yake chumbani, hilo mumwandae, ila tunamuona kwa kamera na tunaongea nae, akisema simamisha tunasimamisha.

Atakachosikia ni kichefuchefu siku hiyohiyo (apewe dawa kabla, sio baada), mashavu kuvimba kwenye tezi za mate, uchovu, alafu wiki inayofuata vidonda mdomoni na kuharisha. Ngozi inaweza kuwa nyekundu kidogo, lakini kuungua kama kwa moto anakokuwaza mama hapana. Mbele huko afatiliwe macho kwa ajili ya mtoto wa jicho, tezi ya thairoidi, na kimo, kwa miaka, sio miezi.

Jambo la kufanya wiki hii, kabla hata ya kikao cha kupima na kupanga mionzi: uzazi. Dozi hii mara nyingi inaua kabisa uwezo wa kupata mtoto, na akishapigwa hairudishwi nyuma. Ana miaka 15, kama ameshabalehe mbegu zake zinaweza kukusanywa na kugandishwa, hata kama kemo imezipunguza inafaa kupimwa. Nimeona familia nyingi zinaona aibu kulisema mbele ya mtoto, na madaktari nao kwa haraka ya upandikizaji wanalipita juujuu. Mwambie daktari wenu hivi: tunataka kuhifadhi mbegu kabla ya mionzi, tuanzie wapi. Na mdogo wako aambiwe mwenyewe, na kaka au mjomba anayemuamini, aulize anachotaka kuuliza bila nyie wote kuwepo.