Baka shavuni na macho ya jopo la usaili

SWALI: Ndugu Mhariri, nina baka la kuzaliwa kwenye shavu la kushoto, linaloanzia chini ya jicho hadi karibu na taya. Kila niitwapo kwenye usaili wa kazi, wajumbe wa jopo hulitazama shavu wakati naeleza uzoefu wangu, kisha huniuliza jambo nililokwisha kulijibu. Je, ni hisia zangu tu? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, si hisia zako. Mwaka 2012 Juan Madera wa Chuo Kikuu cha Houston na Mikki Hebl wa Chuo Kikuu cha Rice, nchini Marekani, walichapisha utafiti unaofanana mno na hali yako. Wanafunzi walitazama usaili kwenye kompyuta, huku kifaa maalumu kikifuatilia mwendo wa macho yao. Msailiwa alipokuwa na baka au kovu shavuni, macho yalilirudia mara kwa mara, na kadiri yalivyolirudia ndivyo mtazamaji alivyokumbuka machache kati ya yale aliyoelezwa, akampima msailiwa kuwa hafai sana. Jaribio liliporudiwa kwa mameneja walioketi ana kwa ana na msailiwa, hali ilikuwa hiyo hiyo.

Kwa kawaida macho ya msikilizaji hutulia kwenye macho na mdomo wa msemaji. Kitu kisichotarajiwa nje ya hapo huyavuta kabla mwenyewe hajaamua, na hata anayejikaza asitazame hutumia uangalifu ule ule ambao angeutumia kusikiliza. Kwa hiyo huenda wajumbe hao hawakukusudia ubaya, lakini wewe umedhulumiwa vilevile, na wajibu wa kwanza ni wao: wawaulize wasailiwa wote maswali yale yale, waandike majibu papo hapo, na wapime kwa maandishi hayo.

Kwa upande wako, usijione umelazimika kulificha baka kwa vipodozi. Hebl na mtafiti mwingine waliwahi kuchunguza wasailiwa wenye ulemavu, wakaona kwamba kuutaja mapema kunasaidia kuliko kungoja mwisho wa mazungumzo. Ukiona inafaa, sema mara tu baada ya salamu, kwa utulivu: "Baka hili nimezaliwa nalo, wala haliniumi," kisha ingia kwenye kazi uliyoiomba. Wape pia wajumbe, kabla hujaanza kujieleza, ukurasa mmoja wenye muhtasari wa kazi ulizofanya.