Kidonda kisichopona: kinyama kwanza, dawa baadaye

Kidonda cha ngozi ambacho wiki nne zimepita bila kufunga hakihitaji tyubu nyingine ya kupaka. Kinahitaji kukatwa kinyama kipimwe. Tunaanza na hilo kwa sababu hapo ndipo miezi mingi hupotea: krimu ya fangasi, ikishindwa ya antibiotiki, kisha ya steroidi, ambayo hupunguza wekundu kwa siku kadhaa na mtu akaamini anapona. Saratani ya ngozi mwanzoni haiumi, na kutouma huko ndiko kunakowadanganya wengi.

Saratani kubwa za ngozi ni tatu. Ya kwanza huanzia kwenye seli za bazali, zile za chini kabisa katika tabaka la juu la ngozi. Hukua taratibu na ni nadra sana kusambaa mbali, lakini ikiachwa hula pua, kope au sikio hadi kwenye mfupa. Huonekana kama kinundu kinachong'aa kama lulu, ambacho baadaye hutumbukia katikati. Kwenye ngozi nyeusi kinundu hicho mara nyingi nacho ni cheusi, basi watu hukiona alama tu ya mwili. Ya pili ni ya seli bapa: gamba gumu, au kidonda chenye kingo zilizonyanyuka kinachotoka damu kikiguswa. Hii inaweza kufika kwenye mitoki, yaani tezi za kinga za shingoni, kwapani na kinenani. Ya tatu ni melanoma, ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Haitokei sana kama hizo mbili, ila ndiyo inayosambaa upesi zaidi.

Jua hulaumiwa, na kwa haki: mionzi ya urujuanimno huharibu DNA ya seli, na madhara hujilimbikiza tangu utotoni. Ndiyo maana watu wenye ualbino hupata saratani hizi wakiwa bado vijana. Lakini kwa mtu mweusi asiye na ualbino, ukiangalia usoni na mabegani tu utakuwa umetafuta pasipo. Saratani ya seli bapa hupenda kovu la moto la miaka mingi, kidonda sugu cha mguu, au tundu la usaha unaotoka kwenye mfupa. Daktari Mfaransa, Jean-Nicolas Marjolin, alieleza vidonda vya kwenye makovu mwaka 1828, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Kidonda cha zamani kikibadilika ghafla, kikaanza kunuka, kuota nyama au kutoka damu, usikihesabu tena kuwa ni kile kile ulichokizoea.

Melanoma nayo, kwa watu weusi, hukaa zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Ya Bob Marley iligunduliwa mwaka 1977 kwenye kidole gumba cha mguu. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwa ngozi nyeusi, isikutie hofu. Wa kuangalia ni mstari mmoja uliozuka peke yake ukubwani, unaopanuka upande wa shina la ukucha, au ambao weusi wake umevuka hadi kwenye ngozi inayouzunguka ukucha. Damu iliyovia baada ya kugonga kidole husogea mbele kadiri ukucha unavyokua na kuacha eneo safi nyuma yake. Mstari wa melanoma hausogei hivyo, shina lake linabaki pale pale.

Sasa kinyama chenyewe. Unachomwa ganzi, inawasha kwa sekunde chache, kisha daktari hutoa kipande kwa kifaa cha mviringo, mara nyingi cha milimita 4, au hukata kwa kisu. Kwenye kidonda, kipande kinatoka ukingoni, panapokutana kidonda na ngozi nzima. Kikitolewa katikati, maabara hupokea nyama iliyokufa na majibu huja "hakuna saratani" wakati ipo. Doa linaloshukiwa kuwa melanoma hutolewa lote kwa kina chote cha ngozi, pamoja na milimita 1 hadi 3 za ngozi nzima pembeni. Lisikwanguliwe juu juu wala lisichomwe, maana matibabu yote yatategemea unene wake, na unene huo hupimwa kwa sehemu za milimita. Ukishakwangua umeukata utepe wa kupimia. Kipande hutiwa kwenye fomalini ya asilimia 10, angalau mara kumi ya ujazo wake. Kikikaa kwenye maji ya chumvi kwa siku mbili kinaoza na kazi yote inarudi mwanzo.

Majibu yakitoka, uliza mambo matatu: ni aina gani, imeingia kina gani, na je, kingo za kipande ni safi? Kingo zikiwa na seli za saratani, kuna mabaki mwilini, hata kama mshono umefunga vizuri.

Wengi hutibiwa kwa upasuaji. Saratani ndogo ya bazali isiyo na hatari kubwa hukatwa pamoja na ngozi nzima ya kama milimita 4 kuizunguka. Ya seli bapa milimita 4 hadi 6, na zaidi ikiwa kubwa au ya mdomoni na masikioni. Kwa melanoma isiyozidi unene wa milimita 1, ukingo ni sentimita 1. Ikizidi milimita 2, ukingo ni sentimita 2. Hapo ndipo wagonjwa hushtuka: doa la ukubwa wa punje ya mahindi linaacha shimo linalohitaji kuzibwa kwa ngozi ya pajani. Daktari hajakosea. Seli hutembea pembeni mahali ambapo jicho halioni. Melanoma ikiwa nene kidogo, huchunguzwa pia mtoki wa kwanza unaopokea maji kutoka eneo lile.

Tiba ya mionzi hutumika pale kisu kinapoweza kuharibu kope au pua, au mgonjwa hawezi upasuaji. Huja kwa dozi ndogo ndogo kwa wiki kadhaa. Kugandisha kwa naitrojeni ya maji, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kunafaa kwa madoa magumu ya awali yanayotokana na jua, si kwa uvimbe wenye kina. Krimu ya fluorourasili ya asilimia 5 hupakwa mara mbili kwa siku kwenye saratani ya bazali ya juu juu, kwa wiki 3 hadi 6. Kosa la kawaida hapa ni kuacha wiki ya pili kwa sababu ngozi imewaka, imechubuka na kutoa magamba. Hiyo ndiyo kazi yake. Ikizidi sana mwone aliyekuandikia, usijipunguzie mwenyewe.

Melanoma iliyosambaa ilikuwa na tiba dhaifu sana hadi mwaka 2011, ipilimumabu ilipoidhinishwa Marekani. Pembrolizumabu na nivolumabu zikafuata mwaka 2014. Dawa hizi haziui saratani moja kwa moja, zinafungua breki za kinga ya mwili. Kinga isiyo na breki inaweza kugeukia utumbo, mapafu, ini au tezi ya shingo, hata miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Ukiharisha mara nne au zaidi kuliko kawaida yako kwa siku, au ukipata kikohozi kipya na kukosa pumzi, piga simu siku hiyo hiyo. Kumeza dawa ya kuzuia kuhara na kutulia nyumbani ni hatari, kwani tiba yake huwa ni steroidi, na inataka kuwahiwa. Na kila daktari mpya aambiwe kwamba uliwahi kutumia dawa hizi.

Nyuzi za mshono usoni hutolewa siku ya 5 hadi 7, za miguuni na mgongoni siku ya 10 hadi 14. Baada ya hapo, mara moja kwa mwezi kaa penye mwanga, pitisha kioo chini ya nyayo, tenganisha vidole, bonyeza kovu na upapase mitoki ya upande ule. Doa lenye shaka lipige picha pembeni ya rula, picha inayofuata ipigwe kwa umbali ule ule. Na nakala ya majibu ya kinyama ikae kwako, si kwenye faili la kliniki peke yake.