Kabla Hujafungua Mlango wa Ruta kwa Ajili ya Gemu

Kwetu ni Arua, lakini tumetawanyika. Mimi niko Ntinda, Kampala. Dada yangu na wanawe wamebaki nyumbani. Mtoto wa marehemu kaka anasoma Nairobi. Shule zikifungwa napokea ombi moja kutoka pande mbili: "Mjomba, washa seva," na "Baba mdogo, seva vipi?" Wanataka dunia yetu wenyewe ya Minecraft, lile gemu la kujenga kwa matofali, isiyo na wageni; seva ndiyo kompyuta inayoiendesha dunia hiyo. Kukodi seva Ulaya kunawezekana, ila kila unachofanya kinashuka hadi Mombasa, kinapita chini ya bahari, kisha kinarudi kimechelewa. Unavunja jiwe, jiwe linabaki limekutazama. Kwa hiyo nikaamua seva ikae kwenye laptopu yangu.

Wikendi nzima iliniishia hapo. Seva ya Minecraft, toleo la Java, husikiliza kwenye poti 25565, yaani mlango wenye namba hiyo wa kupokea wanaotaka kuungana, nami niliifungua kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, kama inavyoelekezwa kila mahali. Watoto hawakuingia. Nikafuta, nikafungua upya. Usiku wa tatu nikafanya kitu ambacho nakusihi usikifanye: nilizima kabisa faiawali ya laptopu, ule ukuta unaozuia wasioalikwa. Hawakuingia vilevile, na mimi nikasahau kuiwasha. Siku chache baadaye nilikaa kwenye mkahawa wenye Wi-Fi ya bure, kijana wa meza ya pili akaniuliza kwa adabu, "Kaka, hizi picha za harusi ni zako?" Folda niliyoiacha wazi nyumbani ili tutazamie picha kwenye televisheni ilikuwa wazi kwa mkahawa mzima. Namshukuru hadi leo kwamba aliniambia.

Kosa halikuwa kwenye faiawali wala kwenye ruta yangu. Anwani za IPv4, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hazitoshi, hivyo kampuni nyingi za intaneti, hasa za laini za simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni sawa na kuishi kwenye mizigo, yaani vyumba vya kupanga, yenye geti moja: wewe umefungua mlango wa chumba chako, lakini geti limefungwa na ufunguo anao askari. Mgeni hafiki hata barazani.

Kwa hiyo anza na kipimo hiki, ni cha dakika mbili. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tazama anwani iliyopewa upande wa nje, yaani WAN. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP. Zikifanana, kufungua poti kutasaidia. Zikitofautiana, acha kuhangaika na ruta. Hasa ukiona ya ruta inaanza na 10, au 192.168, au iko kati ya 100.64 na 100.127, fungu hilo la mwisho lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo ya kampuni kugawa anwani moja kwa wengi.

Unaweza kuiomba kampuni yako anwani ya umma. Wengine huitoa kwa malipo ya kila mwezi. Mimi nilichagua njia isiyo na gharama: mtandao wa faragha kwa programu kama ZeroTier au Tailscale. Kila mmoja anaiweka kwenye kompyuta yake, na kwa kuwa kila upande ndio unaotoka kwenda nje, geti halizuii. Watoto wanaandika kwenye gemu anwani ambayo programu imeipa laptopu yangu, basi. Hakuna poti iliyofunguliwa kwa ulimwengu.

Faiawali ya laptopu iache iwake. Seva ikianza mara ya kwanza, Windows huuliza kama Java, programu inayoiendesha seva, iruhusiwe. Ukibonyeza kughairi kwa haraka, huandika katazo kimyakimya na hutaulizwa tena. Nenda kwenye orodha ya programu zilizoruhusiwa, uirekebishe hapo. Iruhusu kwa mitandao ya faragha peke yake, siyo ya umma kama ule wa mkahawa.

Kama una anwani ya umma na umefungua 25565, washa pia orodha ya majina yanayoruhusiwa kuingia, maana kuna roboti, yaani programu zinazojiendesha, zinazozunguka intaneti mchana na usiku zikibisha kwenye poti hiyo. Na UPnP, ile inayoruhusu gemu kujifungulia poti yenyewe, mimi nimeizima: programu yoyote mbaya iliyo ndani ya nyumba inaweza kuomba mlango uleule.

Halafu umeme. Laptopu ina betri, ruta haina. Nilinunua kibetri kidogo cha volti 12 cha kuiendesha ruta, na tangu hapo ukikatika Ntinda, Arua na Nairobi wanaendelea kujenga.