Usukani Unapotikisika Baada ya Kuinua Gari: Tafuta Kilicholegea Kwanza

Gari lenye ekseli nzima mbele, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, likishainuliwa kwa springi ndefu (lifti) na kuvishwa matairi makubwa, halichukui muda kukuonyesha kama kazi ilifanywa sawasawa. Unapita juu ya kiraka cha lami ukiwa kwenye kilomita 70 au 80 kwa saa, gurudumu moja linagonga, na papo hapo usukani unaanza kukupiga mikono. Pua yote ya gari inajitupa kushoto na kulia, dashibodi inapiga kelele, na hata barabara ikinyooka na kuwa laini mtikisiko hauishi mpaka mwendo ushuke sana. Aliyekutana nao hausahau. Abiria wake ndiyo kabisa, wengine hawapandi tena.

Nimehangaika na jambo hili kwenye gari langu na nimelala chini ya magari ya wenzangu nikilitafuta, na msimamo wangu ni mmoja: kinachoanzisha mtikisiko sicho kinachouendeleza. Shimo, kiraka, tairi lisilobalansiwa, hivyo vinawasha moto tu. Kinachouweka hai ni sehemu iliyolegea mahali fulani kati ya magurudumu ya mbele na chesisi. Ndiyo maana mtu anabalansi matairi, gari linatulia wiki kadhaa, anawatangazia watu kwamba limepona, halafu siku moja linarudia vilevile. Alichoondoa ni kichochezi. Ulegevu ameuacha pale pale ulipokuwa.

Mtikisiko ukikukuta barabarani, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara lakini usishindane nao, na acha gari lipungue mwendo lenyewe. Usikanyage breki kwa ghafla, maana uzito wote unahamia mbele, kwenye magurudumu yaleyale yanayocheza. Baada ya hapo endesha taratibu hadi utakapojua chanzo. Kila mtikisiko mmoja unazidi kuzilegeza bushi na jointi zilizobaki nzima.

Kabla ya kushika spana, jiulize ni ugonjwa gani hasa, kwa sababu watu huita vitu vingi kwa jina moja. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo fulani tu, tuseme kati ya 90 na 100, kisha ukatulia ukiuvuka, hiyo mara nyingi ni balansi, rimu iliyopinda, au tope lililoganda upande wa ndani wa rimu. (Usicheke. Tope la porini lililokauka ndani ya rimu limewatuma watu wengi kununua jointi mpya. Osha kwanza.) Gari likitangatanga, usukani ukawa mwepesi na haurudi katikati baada ya kona, hapo fikiria kasta, mlalo wa mhimili wa gurudumu nitakaoueleza chini. Likijikata upande kila ekseli inapopanda na kushuka kwenye tuta, tatizo ni pembe za vyuma vya stelingi. Ule mtikisiko mkubwa unaojiendesha wenyewe, ambao gonga moja linatosha kuuamsha, ndio tunaoushughulikia hapa. Makao yake hasa ni magari ya ekseli nzima mbele: Land Cruiser za mfululizo wa 70 na 80, Nissan Patrol Y60 na Y61, Defender za zamani, Jeep Wrangler, Suzuki Jimny na ndugu zao.

Kipimo kinachozidi vyote hakihitaji mashine. Simamisha gari mahali tambarare, matairi yote yakiwa chini na uzito wa gari ukiwa juu yake. Vuta handbreki, weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, washa injini ili stelingi ipate nguvu yake. Mwenzako akae kwenye kiti cha dereva azungushe usukani kushoto na kulia, kidogo tu kila upande, haraka haraka, bila kusita. Wewe lala ubavuni uangalie, ukijiweka mbali na tairi na mikono ukiiweka mahali isipoweza kubanwa. Fuata njia ya nguvu: safu ya usukani, stelingi boksi, mkono wa boksi, dragi linki (chuma kinachotoka kwenye mkono huo kwenda gurudumuni), tairodi (chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele) na jointi zake zote, kisha panadi rodi (chuma cha kukingama kati ya chesisi na ekseli) mwisho wa chesisi na mwisho wa ekseli. Kwenye kila jointi weka kidole kikiwa nusu upande huu, nusu upande wa pili. Jicho halitaona mchezo wa nusu milimita, kidole kitauhisi. Chuma kimoja kikisogea kabla ya kile kinachopaswa kwenda nacho, hapo pamelegea. Ukifanya kazi hii gari likiwa juu ya jeki haisaidii kitu, kwa sababu magurudumu hayana cha kupingana nacho.

Anza na panadi rodi. Hii ndiyo inayoizuia ekseli isiende upande, na gari likiinuliwa inabeba mzigo katika pembe mbaya kuliko ile iliyotengenezewa. Kwenye gari langu bushi zote zilionekana nzima na fundi mmoja alikwisha kuzipitisha. Lakini kwenye kile kipimo cha usukani, boliti ya upande wa ekseli ilikuwa inatembea ndani ya tundu lake. Kwa macho ya haraka usingeiona, hasa kukiwa na tope. Ilipotolewa, tundu la mkono uliochomelewa kwenye ekseli (kishikio cha bati kinachobeba panadi) halikuwa duara tena, lilikuwa kama yai. Gereji iliyofunga seti ya kuinulia iliikaza boliti ile gari likiwa limening'inia, bushi ikakaa imejipinda, ikapigana na boliti kila siku mpaka nafasi ikapatikana. Na dawa iliyotolewa kwa mtikisiko ilikuwa shokapu mpya ya stelingi, ile inayotuliza mitikisiko ya usukani.

Tundu la namna hiyo haliponi kwa kukaza zaidi. Ukikaza mno unayakunja mabati ya mkono, ulegevu unabaki. Linalofaa ni kuchomelea washa nene yenye tundu la kipimo sahihi pande zote mbili za mkono, au kubadilisha mkono wote, halafu kuweka boliti mpya ambayo sehemu yake laini, isiyo na uzi, ndiyo inayokaa ndani ya tundu. Boliti yenye uzi hadi kichwani italila tundu jipya kama msumeno. Na kaza kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Kanuni hii ni ya bushi zote za mpira, mikono ya ekseli ikiwemo: ziweke mahali pake kwa mkono, shusha gari, litikise kidogo, ndipo ukaze.

Panadi ikiwa safi, hamia kwenye magurudumu yenyewe. Inua ekseli, iweke juu ya stendi, wala usitegemee jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, livute na kulisukuma. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, urudie. Mchezo ukiisha, beringi za gurudumu ndizo zimelegea. Ukibaki, ni bolijointi au beringi za kingipini, yaani zile ambazo gurudumu linapindia. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo wa upande huo ukuelekeze kwenye tairodi.

Kingipini zinastahili heshima zaidi ya ile zinayopewa. Kwenye Land Cruiser, Patrol na Jimny, nako la gurudumu (kile chuma kinachobeba gurudumu na kupinda nalo) linazunguka juu ya beringi mbili, ya juu na ya chini, na beringi hizo zinatakiwa kukazwa kwa kiasi maalumu kwa kuongeza au kupunguza shimu, vibati vyembamba vya kujazia nafasi. Zinaweza zisionyeshe mchezo wowote kwa mkono, na bado zikawa nyepesi mno. Ukiwa umefungua tairodi, nako hilo halitakiwi kuzunguka kwa kidole kama bawaba ya mlango uliopakwa mafuta. Linatakiwa kukukatalia kidogo. Kitabu cha gari kinatoa kipimo, na unakipata kwa mzani wa springi uliofungwa kwenye mwisho wa mkono wa nako. Jimny inajulikana mno kwa hili: kingipini zilizochoka, mtikisiko. Anayebadilisha beringi hizo bila kupima kiasi cha kukaza amefanya nusu ya kazi.

Sasa kasta, ambayo kila mtu huirukia kwanza. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu linapindia, sehemu ya juu ikilala kuelekea nyuma. Ndiyo inayoufanya usukani urudi katikati wenyewe. Land Cruiser 80 na Defender ya koili zina takriban nyuzi 3 kutoka kiwandani. Mikono inayoshika ekseli ikishuka pamoja na springi ndefu, ekseli yote inajizungusha mbele na kasta inapungua. Kwenye magari ya aina hiyo ukiinua sentimita 5 tegemea kupoteza nyuzi 2 hivi, yaani unabakiwa na kidogo sana. Marekebisho yapo: bushi zilizotobolewa nje ya katikati, mikono iliyopindwa, au vishikio vinavyoishusha mikono. Kwenye springi za vyuma bapa unaweka kabari kati ya springi na ekseli.

Irudishe kasta, ndiyo, na usikubali kuinua gari bila kuulizia habari yake. Ila usiitarajie iponye ule mtikisiko mkubwa. Kasta ndogo hulifanya gari litangetange na kukuchosha safarini. Mwenye jointi mbovu akiongezewa kasta anaishia na gari linalorudi katikati vizuri na bado linatikisika. Kuizidisha nako kuna gharama, usukani unakuwa mzito na pembe ya shafti ya mbele inaharibika, nayo inaanzisha mtetemo wake mwenyewe.

Kuhusu pembe: jipange mbele ya gari ukilitazama, na ulinganishe panadi rodi na dragi linki. Zinatakiwa kulala sambamba. Watu hununua mkono wa boksi uliorefushwa kwenda chini ili kuilaza dragi linki, wanaiacha panadi ilivyo, na tangu hapo gari linajikata kwenye kila tuta. Ukigusa moja, gusa na nyingine. Angalia pia kama ekseli bado iko katikati ya gari, kwa sababu ukiinua, panadi inaivuta kuelekea upande ule iliposhikwa kwenye chesisi. Panadi ya kurekebishika inaitatua hiyo, na mimi kwa lifti ya kuzidi sentimita 5 siioni kama anasa.

Tou, yaani jinsi matairi ya mbele yanavyoelekeana, ni ya dakika chache. Pima umbali kati ya matairi mawili ya mbele, upande wa mbele na upande wa nyuma, kwa urefu uleule kutoka chini. Mbele pawe pafupi kidogo, milimita 1 hadi 3 inatosha kwa magari mengi, lakini kitabu cha gari lako ndicho kikate shauri. Na boksi la stelingi: kagua boliti zake na chesisi inayolizunguka, utafute ufa. Matairi makubwa huvunja mahali hapo kimyakimya.

Matairi yenyewe nayaacha mwisho kwa makusudi, ingawa ni ya kwanza kujaribiwa na watu. Njia rahisi ni kuhamisha ya nyuma yaende mbele. Tabia ikibadilika, una tairi lenye kasoro, pengine nyuzi za ndani zimeachana na limeota uvimbe ambao mashine ya kubalansi haiuoni. Rimu zinazotoka nje sana, au spesa nene (vipande vinavyosogeza rimu nje), huyapa mashimo nguvu kubwa zaidi ya kuzungusha usukani, kwa hiyo ulegevu ambao gari la kawaida lingeuvumilia unaanza kuonekana. Sipendi spesa. Wengine wanaishi nazo salama, sawa.

Na ile shokapu ya stelingi, niseme wazi: iache iwe ya mwisho. Kazi yake ni kupunguza makali ya mashimo mikononi mwako. Ikiwa mpya na nzito itaufunika mtikisiko miezi kadhaa huku tundu la boliti likiendelea kupanuka. Kuna njia moja ya kuitumia kama kipimo: ukishamaliza kazi yote, iondoe na upeleke gari polepole kwenye barabara tupu, ukipanda mwendo kidogo kidogo. Gari lisilo na kasoro linatakiwa kwenda bila kutikisika hata bila shokapu hiyo. Likikuonyesha dalili, shuka, rudi chini ya gari.

Kama gari lako mbele lina mikono huru, kila gurudumu likipanda na kushuka kivyake, kama Hilux au Prado za sasa, huu mtikisiko wa kupokezana magurudumu hautarajiwi. Angalia balansi, bolijointi, bushi za mikono ya chini na pembe za shafti za pembeni, kisha upige alaimenti. Mikono ya juu ya kiwandani mara nyingi inaishiwa nafasi ya kurekebisha ukishapita sentimita 5.

Ukishafunga kila kitu, chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye chuma, kwa panadi, mikono na yubolti zote (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli). Baada ya kilomita 500 hivi rudi na spana ya toki, hasa kwenye springi mpya, kwa sababu hujikalia na kuziacha yubolti zikiwa nyepesi. Mstari uliokatika unaonekana hata ukiwa umechuchumaa tu kando ya tairi.