Wasomaji Wanauliza: Karamu ya luau Hawaii

*Mwezi wa saba tunatoka Minneapolis kwenda Honolulu, mimi, mume wangu na watoto wawili. Tungependa kwenda luau, ile karamu ya jioni yenye ngoma za Polynesia, lakini sisi ni Waislamu na tunasikia chakula chenyewe ni nguruwe. Tutapata cha kula?*
Msomaji, Minneapolis

Mtapata, dada, ila ulizeni kabla ya kulipa, maana mkishafika mezani mpishi hana la kubadilisha.

Nguruwe mzima ndiye kiini cha luau. Huokwa kwenye imu, tanuri la shimo. Mawe ya volkano hupashwa kwa kuni mpaka yaive moto, yanatandikwa magogo ya migomba yaliyopondwa na majani ya ti, nguruwe analazwa, kisha anafunikwa kwa majani, magunia yaliyoloweshwa na udongo ili mvuke usipenye. Hukaa humo saa sita hadi nane, hata zaidi. Nyama hiyo, iitwayo kalua, inaonekana wazi na kuiepuka ni rahisi.

Hatari iko kwenye vyakula visivyojionyesha. Laulau ni kifurushi cha majani ya magimbi, na ndani mara nyingi mna kipande cha nguruwe pamoja na samaki. Viazi vitamu huweza kuokwa shimo moja na nguruwe. Wali wa kukaanga wa Hawaii mara nyingi hutiwa nyama ya kopo au soseji. Kuku naye msimhesabu kuwa halali mpaka waseme wenyewe. Vinavyobaki ni samaki, wali mweupe, poi (uji mzito wa magimbi), matunda, samoni wa chumvi aliyekatwakatwa na nyanya na vitunguu, na haupia, kitamutamu cha tui la nazi, sukari na wanga wa mahindi. Waandikieni wiki moja au mbili kabla, muulize mambo matatu: samaki anapikwa na nini (mvinyo huingia kwenye sosi), laulau ina nini, na kama wana sahani ya wasiokula nguruwe.

Kinywaji kiitwacho mai tai kina ramu, ingawa huletwa na kipande cha nanasi ukadhani ni juisi tu. Mkitaka mahali pasipo pombe kabisa, nendeni Polynesian Cultural Center, mjini Laie, kituo cha Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho kilichofunguliwa 1963. Kutoka Waikiki, mtaa wa ufukweni wa Honolulu, ni mwendo wa kama saa moja kwa gari, foleni isipowakamata, na Jumapili hufungwa.

Msikate tiketi ya usiku wa kwanza. Saa tatu usiku ya Honolulu, onyesho likiwa limepamba moto, ni saa nane usiku ya Minneapolis mwezi huo, na watoto watakuwa wamelala juu ya meza.

*Waliokwenda wanasema poi haina ladha, wakaiacha. Ni nduma hizi hizi zetu?*
Msomaji, Nairobi

Ni hizo hizo, magimbi kwa jirani zetu wa Tanzania. Huchemshwa au kuokwa, yakapondwa kwa jiwe, na maji yakaongezwa kidogo kidogo mpaka uji uwe mzito. Siku ya kwanza ina utamu kidogo. Ikilala siku mbili tatu huchachuka, na wenyeji wengi huipenda hivyo. Kosa la wageni ni kuila peke yake kwa kijiko. Poi ni kama ugali: inangoja kitoweo. Chota kwa vidole, fuatisha samoni wa chumvi, ndipo utaielewa. Ukila majani ya magimbi koo likawasha, hayajaiva, acha. Majani mabichi yana chembe kali ambazo hutulia yakipikwa muda mrefu.

Usiikunjie uso mbele ya wenyeji. Katika masimulizi yao gimbi ni Haloa, kaka mkubwa wa Wahawaii wote, na bakuli la poi likiwa wazi mezani hapagombwi.

*Luau ni nyingi. Nitajuaje ipi ni ya Hawaii kweli?*
Msomaji, Dar es Salaam

Uliza kama kuna kisu cha moto, yaani ngoma ya kuzungusha kisu kinachowaka. Ngoma hiyo ni ya Samoa; moto wenyewe uliongezwa 1946 na Msamoa Freddie Letuli akiwa San Francisco. Viuno vya kasi kwa ngoma nzito ni vya Tahiti, na haka ni ya Wamaori wa New Zealand. Karamu nyingi huchanganya vyote, na si vibaya, mradi mshereheshaji ataje kila ngoma ni ya wapi. Old Lahaina Luau ya kisiwa cha Maui hufuata historia ya Wahawaii na haina kisu cha moto. Kwa mwenye watoto tungechagua mchanganyiko. Kwa mpenda hula, ngoma ya Wahawaii wenyewe, Maui.

Kwenye hula tazama mikono, maana ndiyo inayosimulia. Malkia Kaahumanu aliipiga marufuku hadharani 1830, na Mfalme Kalakaua akairudisha kwa fahari kwenye kutawazwa kwake 1883. Ile ya kale huchezwa kwa kuimbiwa na kupigiwa kibuyu. Ya kisasa kwa ukulele na gitaa.

Fika mlango unapofunguliwa. Imu hufukuliwa kabla jua halijazama, na anayechelewa hukuta shimo tupu.

*Mke wangu ana mimba ya miezi sita. Kuna la kuangalia?*
Msomaji, Muscat

Poke ni samaki mbichi, asile. Shada la maua la shingoni, lei, kwa desturi mjamzito hapewi lililofungwa mviringo. Mwambieni anayepokea wageni, atampa lililo wazi. Asilivue mbele ya aliyemvika. Viatu viwe bapa kwa sababu karamu nyingi ni kwenye nyasi, na kanga ya kujitanda inafaa upepo wa bahari ukianza. Someni masharti ya tiketi kuhusu mvua: manyunyu hayasimamishi hula, lakini upepo mkali hufuta kisu cha moto. Chukueni makoti ya mvua, mwavuli huwaziba walioketi nyuma.