Kutokula Nyama: Je, Ni Kuacha Sunna?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Idi Kubwa iliyopita niliona mbuzi akichinjwa nyumbani kwa kisu butu, akateseka sana. Tangu siku hiyo nyama hainipiti kooni. Kitoweo changu ni kunde, maharage na mchicha. Niliapa kwa jina la Allah kwamba sitakula nyama tena. Mama mkwe anasema nimeipa mgongo sunna. Je, nina dhambi? Na udh-hiya, yaani mnyama wa kuchinjwa Idi Kubwa, itakuwaje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, binti yangu.

Kutokula nyama peke yake si dhambi. Mtume (s.a.w.) aliwahi kuandaliwa dhabb, mjusi mkubwa wa jangwani, akarudisha mkono wake. Sahaba wake Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu. Akajibu kuwa si haramu, ila hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akamvuta akamla, Mtume akitazama. Nafsi yako nayo imekataa, na hakuna wa kukulazimisha. Mwambie mama mkwe kwa upole kwamba katika nyumba ya Mtume, kama alivyosimulia Bibi Aisha, ilipita miezi moto haujawashwa, chakula chao tende na maji.

Ninachokuhofia ni ulimi. Leo unasema "siwezi kula", kesho usije ukasema "kuchinja ni dhuluma" au "wanaokula nyama hawana huruma". Hapo utakuwa umevuka mipaka. Katika Suratul Maida, aya ya 87, Allah anawakataza waumini kuharamisha vizuri alivyowahalalishia. Na katika mapokezi ya Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi, miongoni mwa waliotaka kuzidisha ibada alikuwepo aliyesema hatakula nyama. Mtume akasema kuwa yeye hufunga na hufungua, huswali na hulala, huoa wanawake, na asiyetaka sunna yake si katika yeye. Yule alitaka kuacha nyama kuwe ndiyo dini. Wewe umeumia moyo tu, na mbali ni mbali.

Tena umeumia kwa haki. Aliyemchinja yule mbuzi kwa kisu butu ndiye aliyekwenda kinyume na sunna! Mtume ameamrisha ihsani katika kila kitu: tukichinja tuchinje vizuri, kisu kinolewe, mnyama apumzishwe. Na alimkemea aliyekuwa akinoa kisu mbele ya mnyama aliyekwisha kumlaza, akamuuliza kama anataka kumuua mara mbili. Inasikitisha kwamba majumbani mwetu tunahimizana bei ya mbuzi, kisu hakuna anayekiuliza.

Kuhusu kiapo: unaweza kukishika. Siku ukitamani nyama, kula na utoe kafara, nayo ni kulisha masikini 10 au kuwavisha. Usipoweza, funga siku 3.

Udh-hiya kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, ni sunna iliyokokotezwa, yaani iliyohimizwa sana, na akichinja mmoja inawatosha watu wa nyumba yake. Mume wako achinje. Wewe si lazima uile wala usimame uangalie, na mkitaka, nyama yote wapewe masikini. Allah amesema katika Suratul Hajj kwamba nyama na damu za wanyama hao hazimfikii, unaomfikia ni uchamungu wetu. Ila kisu, binti yangu, kisimamie wewe: kinolewe usiku wa kuamkia Idi, mbali na zizi.

Wallahu a'lam.