Kitaa chekundu cha Luku

Nimeishi nyumba za kupanga hapa Dar miaka mingi, na hii ya Tabata ndiyo iliyoniumbua.

Vyumba sita, choo kimoja, Luku moja. Umeme tulikuwa tunachangishana, na yuniti 50 zilitufikisha wiki mbili. Ghafla zikaanza kuisha siku ya tisa. Uani pakachafuka. Kila mtu akawa mpelelezi, na mimi nikawa mpelelezi mkuu, maana mshukiwa nilikuwa naye tayari: yule dada wa chumba cha mwisho, mhudumu wa baa. Nikawaambia wenzangu kwamba ana jiko la umeme la siri. Jiko lenyewe sijawahi kuliona. Niliona kucha za bandia na wigi, nikaona inatosha.

Sasa fikiria. Dada huyu alitoka saa kumi jioni, akarudi saa tisa usiku, akalala hadi mchana. Katika nyumba nzima hakuna aliyewasha taa muda mfupi kama yeye. Hesabu hiyo ingefanywa na mtoto wa darasa la pili. Mimi nina diploma ya uhasibu.

Tukaita fundi. Akasimama mbele ya mita, akatuonyesha kile kitaa chekundu kinachomweka: umeme ukitumika sana kinamweka harakaharaka, ukipungua kinapunguza mwendo. Akaagiza tuzime chumba kimoja kimoja. Chumba cha mwisho kikazimwa, kitaa wala hakikujali. Ikafika zamu yangu. Nilipochomoa friji, kikatulia kabisa. Mpira wa mlango wa friji langu ulikuwa umepasuka kwa chini, baridi inavuja, mashine haipumziki usiku wala mchana.

Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi. Yule dada akaniambia taratibu, "Mama Brian, mbona mimi nikirudi usiku nalisikia linanguruma? Ila ningesema, nani angenielewa?"

Mwaka 1971 mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza. Waliwagawa makundi kwa kisingizio cha kipuuzi, eti huyu kapenda picha za mchoraji fulani, yule za mwingine. Kisha kila mmoja akapewa nafasi ya kuwagawia wenzake pesa kidogo. Yeye mwenyewe hapati kitu, wala hamjui anayempa. Bado walipendelea kundi lao, na mara nyingine walikubali kundi lao lipate pungufu mradi tu liwazidi wale wengine. Nilipoisoma habari hiyo niliona uani kwetu. Kama picha tu zinatosha kugawa watoto, wigi litashindwa nini?

Watu husema dawa ni kuishi pamoja. Sikubali. Mimi na huyu dada tulianika kwenye kamba moja miaka miwili, na chuki yangu ilinenepa tu. Mwanasaikolojia mwingine, Gordon Allport, alishaandika mwaka 1954 kwamba ukaribu hausaidii sana kama watu hawana hadhi sawa na hawashirikiani kwa jambo moja. Kwetu jambo hilo likawa daftari la Luku. Nilipendekeza yeye ndiye alishike, akusanye hela, anunue yuniti, aandike. Wiki ya tatu alinidai elfu mbili yangu mlangoni, mbele ya wageni, bila kupepesa macho. Hapo ndipo nilipoanza kumwona mtu.

Kuhusu kuomba radhi: usimwite pembeni. Kama ulimsema uani, msafishe uani, mbele ya walewale. Mimi kwanza nilimpelekea sahani ya pilau kimyakimya, akaipokea, akashukuru, na hakuna kilichobadilika, kwa sababu wapangaji wengine walikuwa bado wanaamini habari ya jiko. Ilibidi nisimame jioni moja, watu wanapika, niseme kwamba nilitunga. Sauti ilikwama mara mbili.

Mwezi uliopita chumba cha kati kilipata mpangaji mpya, kijana mwenye rasta, anapiga picha kwenye maharusi. Alinisalimu "Shikamoo, mama" huku kabeba godoro kichwani. Nikaitikia vizuri kabisa. Kisha nikaenda kuanua nguo zangu, zingali mbichi.